Kitabu Chekundu na Albamu ya Kipa

Sebuleni kwa mjomba wangu, hapa Nyamirambo, kuna picha ya timu ya mpira wa miguu iliyotundikwa juu ya televisheni. Ni timu ya vijana wa mtaani, na picha ilipigwa kabla ya mwaka 1994. Sita wamesimama, watano wamechuchumaa. Nikiwa mtoto nilimwomba mjomba anitajie majina yao. Alitaja manne, akafika kwa wa tano, akanyamaza. Kisha akasema, "Kaniletee chai, mwanangu." Niliielewa chai ile baadaye sana.

Picha hiyo ndiyo iliyonipa swali la insha hii: tunaandikaje historia ya mchezaji pale ambapo watu waliomfahamu wameuawa, au wapo lakini hawawezi kusema?

Nitaanzia mbali kidogo. Uingereza kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa This Is Your Life, yaani "Haya Ndiyo Maisha Yako". Kilianzia Marekani, kikaingia BBC mwaka 1955. Mtangazaji alimvizia mtu mashuhuri bila yeye kujua, akamfungulia kitabu kikubwa chekundu na kumsomea maisha yake. Watu wa zamani wakaingia mmoja mmoja: ndugu, rafiki wa utotoni, mchezaji mwenzake. Wanasoka na makocha wengi walipata heshima hiyo.

Mmoja wao ni Matt Busby, kocha wa Manchester United, aliyefunguliwa kitabu Januari 1958. Tarehe 6 Februari mwaka huohuo, ndege iliyobeba timu yake ilianguka Munich ikijaribu kuruka. Watu 23 walikufa, wanane kati yao wakiwa wachezaji wake. Busby mwenyewe aliumia vibaya. Mwaka 1971 kipindi kilimwita mara ya pili. Maisha yaliyosomwa mara hii hayakuweza kuwa yaleyale. Baadhi ya vijana ambao wangeweza kuingia na kumkumbatia walikuwa makaburini kwa miaka 13.

Kwa Mnyarwanda, kisa hicho si kigeni. Eric Murangwa, aliyejulikana kwa jina la Toto, alikuwa kipa wa Rayon Sports. Wiki chache kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, timu yake iliitoa Al-Hilal ya Sudan katika mashindano ya Afrika, na Kigali ikashangilia. Mauaji yalipoanza, wanajeshi waliingia nyumbani alimokuwa wakaanza kupekua. Murangwa amesimulia kwamba albamu ya picha ilianguka, na mwanajeshi mmoja akaona picha ya Rayon Sports. Akamuuliza ameipata wapi. Alipotambua kwamba anayeongea naye ni Toto mwenyewe, hasira ilishuka, wakaanza kuzungumza habari za mpira. Baadaye wachezaji wenzake walimficha. Aliwahi kufichwa pia na kiongozi mmoja wa klabu aliyekuwa mwanachama wa Interahamwe. Murangwa alinusurika, lakini mdogo wake na jamaa wengi waliuawa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya kitabu kile na albamu hii. Wageni wote wa kitabu chekundu huingia wakitabasamu, kwa sababu wamechaguliwa ili wasifu. Maisha ya Murangwa hayawezi kusimuliwa kwa wageni wa namna hiyo peke yao. Kuna nafasi za waliouawa, ambazo hakuna atakayezijaza. Kuna pia mtu aliyekuwa upande wa wauaji na akamficha mmoja. Ukimwacha nje, umeficha ukweli. Ukimwingiza kama shujaa, umewadhulumu waliokufa. Mwanahistoria analazimika kuyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja.

Wapo watakaosema: basi tuwakusanye wazee wote wa mpira, tuwaulize, turekodi. Nakubali, ila kwa sharti moja. Mwaka 1961 Danny Blanchflower, nahodha wa Tottenham, alipofuatwa na kipindi kile alikataa na kuondoka. Aliona ni kuingiliwa katika mambo yake ya ndani. Ikiwa mtu mwenye maisha ya furaha na vikombe ana haki ya kukataa, sembuse manusura? Murangwa amechagua kusimulia. Alihamia Uingereza, akaanzisha taasisi ya Ishami inayotumia michezo na ushuhuda kufundisha amani. Uamuzi ulikuwa wake. Mwingine akichagua kunyamaza, tusimvizie na kamera.

Hata hivyo, kunyamaza kwa manusura kusiwe kisingizio cha uvivu wetu. Mwaka 2023 uwanja wetu wa Nyamirambo ulipewa jina la Pelé. Sina ugomvi na Pelé, anastahili. Lakini mtoto anayepita pale kila siku hujifunza jina la Mbrazili, na hawezi kutaja hata mmoja wa waliocheza kwenye nyasi zile kabla ya 1994. Magazeti ya zamani yapo, picha ziko ukutani, na wazee wanaotaka kusema wapo pia. Sisi wanafunzi tunaweza kuanza na majina tu: nani alicheza nafasi gani, mtaa gani, mwaka gani.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mjomba na daftari. Safari hii nilipika chai kwanza. Alitaja majina tisa, polepole, na nafasi ya kila mmoja uwanjani. Kwa wa kumi alisema tu, "Huyu alikuwa winga wa kushoto, alikuwa na mbio." Kwa wa kumi na moja alitikisa kichwa. Nimeandika namba 10 na 11 kwenye daftari, na mbele yake nimeacha mistari mitupu. Sitaifuta.