Furaha Iliyofichua Dawa ya Huzuni

Kwetu Birere mtu akikaa kimya miezi mizima, hali, halali, haendi sokoni, jirani husema upesi: "Amerogwa," au, "Imani yake imelegea." Historia ya dawa yatufundisha neno jingine.

Mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, mjini New York, walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa wakingojea kufa wakaanza kula kwa hamu, kucheka, hata kucheza. Mwaka uleule mtaalamu Ernst Zeller aliona kwamba dawa hiyo huzuia monoamini oksidasi, yaani kitu cha mwilini kinachovunja vile vipelekavyo habari ndani ya ubongo. Kikizuiwa, vipeleka-habari huongezeka. Basi mwaka 1957 Daktari Nathan Kline akatangaza kwamba dawa ya kifua imewasaidia wenye huzuni kuu.

Lakini moto upikao ndio uunguzao. Iproniazidi iliharibu maini ya watu, ikaondolewa Marekani mwaka 1961. Tena mwaka 1963 Daktari Barry Blackwell wa London alionyesha hatari ya kumeza dawa za jamii hiyo na kula jibini iliyokomaa, ndugu ya ile tuletewayo kutoka Masisi. Damu hupanda ghafula, na wengine walikufa. Chanzo ni tiramini, iliyomo katika vyakula na pombe zilizochachuka. Kwa hiyo dawa hizo si za kununua kwa kubahatisha; ni za kupewa na daktari.

Kutoka jamii hiyohiyo József Knoll wa Budapest alipata selejilini. Katika miaka ya 1970 Walther Birkmayer wa Vienna aliitumia pamoja na levodopa kuwatuliza wagonjwa wa Parkinson, wale watetemekao mikono na kukakamaa viungo. Hao wamepungukiwa na dopamini, na selejilini huizuia isivunjwe upesi. Haiwaponyi, lakini huwapunguzia taabu.

Basi tusimhukumu mwenye huzuni wala mzee atetemekaye: huenda mwili wake ndio unaougua. Sala na dawa hazigombani. Mabruda wa Mapendo, shirika lililoanzishwa na Padri Triest mjini Gent mwaka 1807, wana kituo cha wagonjwa wa akili hapa Goma, kiitwacho Tulizo Letu. Tumpeleke ndugu yetu kwa waganga wa namna hiyo mapema, kabla ya kumtafuta mchawi.