Vijana Wasio na Majina Walioipa Moto V8 ya Ford

Wadau wa ndinga, jina kama Edelbrock mmeshaliona kwenye spea za injini. Leo twende kwa wale ambao majina yao hayajachorwa popote: vijana wa California waliokuwa wakinunua Ford iliyochoka, wanashusha injini uani, wanaijenga upya.

Ford alitoa V8 yake ya bei poa mwaka 1932. Lita 3.6, nguvu farasi 65. Cheka tu, ila wakati ule mtu wa kipato cha kawaida V8 alikuwa anaiona kwa matajiri.

Ugonjwa wake ulikuwa joto. Valvu zimekaa pembeni ya silinda, ndani ya bloku, na moshi unapita humohumo karibu na maji kabla ya kutoka. Halafu silinda mbili za kati kila upande zinatumia tundu moja la moshi! Ukiilazimisha inachemsha, ikichemsha sana bloku inapata nyufa. Ndo maana fundi mjanja alianza kwa kutafuta ufa, hata pistoni hajanunua.

Vita ilipoisha 1945, wengi walirudi na ufundi wa jeshini na hela kidogo. Bloku ya Mercury yenye silinda za milimita 81 ikachongwa hadi 84, ikafungwa krenki ndefu zaidi ya Mercury ya 1949. Lita 3.9 zikawa 4.5. Kabureta moja ikawa mbili, au tatu kwa mwenye nazo.

Kazi ya roho mkononi ilikuwa kusaga njia za hewa. Hakuna kompyuta, ni jicho na mkono. Ukizidisha kidogo unatobokea kwenye maji, na akiba yako yote imekuwa skrepa. Mwenzako alikuwa anajifunza hivyo, kwa hasara.

Wikiendi walipimana mwendo kwenye jangwa la El Mirage. Usiku walikimbizana mtaani, polisi nyuma, wakaitwa wahuni. Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na ule uhuni ukapata wasomaji nchi nzima.

Mwaka 1955 Chevrolet ikaja na V8 ya lita 4.3, valvu juu, farasi 162 moja kwa moja kutoka kiwandani. Vijana wale wale wakafungua boneti za Chevrolet, na bloku nyingi za Ford zikabaki uani zinapigwa mvua.