Chungu, Chupa na Kiroba

Vilevi vinapotajwa mkoani Mara, watu hukumbuka mara moja bangi ya Tarime. Nao hawakosei. Hata hivyo, kilevi nilichokiona kikibomoa nyumba nyingi zaidi, kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama, ni pombe. Historia yake yaweza kusimuliwa kwa vyombo vitatu.

Chombo cha kwanza ni chungu. Wazee walikunywa pombe ya mtama au ulezi wamekizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Pombe hiyo haikuwa kali, maana hamira inayoichachusha hushindwa kuendelea kileo kinapozidi. Isitoshe, iliharibika baada ya siku chache, hivyo haikuwekwa akiba. Vijana hawakukaribishwa, na mzee aliyezidisha alionwa na wenzake wote.

Chombo cha pili ni chupa. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100. Pombe ikichemshwa na mvuke wake ukapozwa, hupatikana gongo, yenye kileo kingi zaidi. Mwaka 1919 mataifa ya kikoloni yalitia saini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Bunge letu likatunga sheria ya moshi, likakataza kuitengeneza bila leseni. Gongo haikufa, bali ilihamia vichakani. Tena haiharibiki, na mtu aweza kuinywa peke yake gizani. Pombe isiyokaguliwa huweza pia kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Jirani zetu wa Nairobi walizika watu zaidi ya 100 kwa sababu hiyo mwaka 2000.

Chombo cha tatu ni kiroba, yaani kipakiti cha plastiki chenye pombe kali. Hiki kilitengenezwa kiwandani na kuuzwa hadharani kwa bei ya chini. Kiliingia mfukoni mwa dereva, na katika soksi ya mwanafunzi kisionekane. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na ilifanya vema.

Tazama basi mwendo wenyewe: kila chombo kipya kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia, na macho ya kumwangalia mnywaji yakapungua. Sheria huweza kuondoa chombo. Macho yale hatuna budi kuyarudisha sisi wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka mingi huidai. Mnywaji wa namna hiyo akifungiwa ndani ili aache ghafla, aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, kupata degedege, hata kufa. Kumfungia si kumtibu, wala kumchapa si dawa. Uraibu ni ugonjwa, na kuacha kwake kunataka uangalizi wa mganga. Mpelekeni hospitali kwanza. Mawaidha yatafuata, atakapokuwa na utulivu wa kuyasikia.