Vishikwambi vya Tanga na Afya ya Mtoto

Historia ya karibuni ya Tanga inatupa sababu ya kutumia michezo ya kompyuta kuwasaidia watoto wenye kisukari au selimundu. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi katika takriban vijiji 170 vya mkoa huo, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Watoto wengi ambao hawakuwahi kukanyaga darasani walianza kusoma Kiswahili kwa kucheza, bila mwalimu. Mchezo unaweza kufundisha afya vilevile: Marekani, katika miaka ya 1990, ulitolewa mchezo wa Packy & Marlon: mtoto humpima sukari tembo mwenye kisukari, humchoma insulini na kumchagulia chakula. Utafiti wa 1997 ulionyesha kwamba walioucheza walipungukiwa na safari za dharura za kwenda kwa daktari.

Wapo watakaosema mchezo si dawa. Ni kweli, na bila insulini hauna maana. Lakini dawa nayo humfaa mtoto anayejua aitumie lini na kwa nini, kwani mzazi hawezi kuwa naye kila saa. Basi Wizara ya Afya na watengenezaji wetu wa programu waanzie hapo: dawa kwanza, na mchezo wa Kiswahili sambamba nayo.