Ugonjwa wa Kawasaki: Miaka Sitini ya Kumsaka Mhalifu

Januari 1961, katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo, daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki alimpokea mvulana wa miaka minne. Homa haishuki, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo imepasuka, upele mwili mzima, tezi ya shingo imevimba. Baadaye ngozi ya vidole ikabambuka. Mtoto alipona akarudi kwao, ugonjwa wake ukiwa hauna jina.

Kufikia 1967 Kawasaki alikuwa na wagonjwa 50, akaandika habari zao. Wenzake wengi waliuona kuwa ugonjwa unaopita wenyewe, mpaka uchunguzi wa nchi nzima wa 1970 ulipofichua watoto waliokufa ghafla: mishipa inayolisha moyo ilikuwa imetutumka kwa uvimbe, kisha ikazibwa na damu iliyoganda.

Nani alaumiwe? Dalili za maambukizi zipo tele. Ugonjwa una misimu. Uliikumba Japani kwa mawimbi mwaka 1979, 1982 na 1986. Hupenda walio chini ya miaka mitano, na huwashika kwa nadra wachanga wa miezi ya kwanza, ambao bado wana kinga ya mama. Aliyeugua ni nadra kuugua tena. Hata hivyo, mtoto akiugua, nduguye anayelala naye kwa kawaida hubaki mzima. Hapo ndipo wataalamu wanapokwama.

Watuhumiwa wakapangwa foleni. Bakteria wa rikesia. Utitiri wa vumbi la nyumbani. Huko Denver, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata mazulia yaliyosafishwa karibuni yalishukiwa. Katika tafiti nyingine ushahidi huo ukakosekana. Zikafuata sumu za bakteria zinazotibua kinga ya mwili. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikuta aina ya virusi vya korona kwa watoto 8 kati ya 11 wenye ugonjwa huu, na kwa mmoja tu kati ya 22 wasio nao. Msisimko ulikuwa mkubwa, lakini maabara nyingine zikatafuta bila kuona uhusiano huo. Wengine walifuata pepo zinazovuma kutoka kaskazini mashariki mwa China, wakidhani zinabeba chembe za kuvu.

Tiba, kwa bahati njema, haikungoja hukumu. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Japani na Marekani walithibitisha kuwa kingamwili za wachangia damu, zikitiwa mshipani pamoja na aspirini, hupunguza sana uharibifu wa mishipa ya moyo: kutoka karibu mtoto mmoja kati ya wanne hadi takriban mmoja kati ya ishirini.

Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, barakoa zilipovaliwa na shule zikafungwa, wagonjwa wa Kawasaki walipungua sana Japani. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko mazulia na pepo: kisababishi, au visababishi, huenda hupita njia ya hewa kati ya watu. Mwaka huohuo kundi la mtafiti Anne Rowley, Chicago, lilionyesha kuwa kingamwili kutoka kwa watoto mbalimbali wenye ugonjwa huu zilinasa kitu kilekile ndani ya seli za njia ya hewa za watoto waliofariki kwa ugonjwa huo. Kitu chenyewe bado hakijapewa jina.