Madaraka, Mapato na Ruzuku: Historia Fupi ya Istilahi za Ugatuaji

Neno moja likibebeshwa dhana mbili zisizolingana, anayepotea njia si msomaji wa kamusi peke yake. Ndivyo lilivyo neno ugatuaji, ambalo wenzetu wa Kenya huliita ugatuzi. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi istilahi za jambo hili zilivyofuatana nchini Tanzania, na kwa nini twaona inafaa zitenganishwe.

Mwaka 1972 Serikali ilitangaza siasa ya Madaraka Mikoani. Jina lenyewe lilitaja madaraka, wala halikutaja fedha. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, watumishi wa Serikali Kuu wakapelekwa mikoani na wilayani, na fedha za kazi zao zikatoka Hazina. Mikoa ilipewa kazi ya kupanga, lakini haikupewa chemchemi ya mapato.

Sheria za Serikali za Mitaa za 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Hapo maneno ushuru na kodi ya maendeleo yakapata uzito wilayani, na tofauti za mikoa zikajitokeza kwa sura nyingine. Wilaya yenye kahawa au pamba ilitoza ushuru wa mazao. Mji ulitoza kodi ya majengo na leseni za biashara. Wilaya kame ya wafugaji ilitazamia mnada wa ng'ombe. Kwa mapato ya ndani peke yake, mwenye nacho ndiye huongezewa.

Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na ruzuku ikazidi kuwa tegemeo. Kuanzia mwaka wa fedha 2004/2005 ruzuku ya afya, kwa mfano, iliwekewa kanuni: asilimia 70 kwa idadi ya watu, na iliyobaki kwa umaskini, umbali wa njia na vifo vya watoto wadogo. Kanuni ililenga haki. Hata hivyo sehemu kubwa ya ruzuku za huduma ni mishahara, na mshahara humfuata mtumishi alipo. Mwalimu na mganga wasipokwenda pembezoni, fedha nazo haziendi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizitengea kaunti 47 fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kisha ikaweka kando hazina ya usawazishaji, nusu ya asilimia moja, kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Hapa dhana mbili zimepewa majina mawili.

Basi twapendekeza ugatuaji wa madaraka utumike kwa uwezo wa kuamua. Ugatuaji wa mapato kwa uwezo wa kutoza na kutumia. Na usawazishaji kwa fedha zinazotolewa makusudi ili kupunguza pengo. La kwanza na la pili haliwezi kuleta la tatu peke yake. Mwananchi akiambiwa kwamba wilaya yake imegatuliwa, na awe na neno la kuulizia: ni kipi kilichogatuliwa?