Kioanishi cha objekti na majedwali

Hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za ARV mwaka 2001. Leo tabibu anayewahudumia wagonjwa wa VVU anafungua KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, anaingiza namba ya mgonjwa, na kwenye skrini zinatokea habari zake: umri, ziara zilizopita, kiwango cha virusi alipopimwa mwisho. Kwa tabibu huo ni ukurasa mmoja. Ndani ya hifadhidata ukurasa huo haupo. KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ambao huweka habari za mtu kwenye jedwali moja, ziara kwenye jingine, matokeo ya vipimo kwenye jingine tena. Safu ya ziara haina umri wala jina la mgonjwa, ina namba yake tu. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kigeni.

OpenMRS imeandikwa kwa Java, lugha inayofanya kazi kwa objekti. Kati ya objekti hizo na majedwali inakaa Hibernate. Programu ya aina hiyo naiita kioanishi. Kwa Kiingereza kazi yake huitwa “mapping”, lakini nimeliacha neno “ramani” kwa sababu hakuna kinachochorwa hapa. Kuoanisha ni kukipatia kitu mwenzake, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: safu hii na objekti hii, ufunguo huu na uhusiano huu.

Kwa kioanishi, mwandishi wa programu anaandika ziara.mgonjwa.umri, basi. Ile nukta ya kwanza inavuka jedwali bila yeye kuandika hoja ya SQL, yaani swali kwa hifadhidata.

Nukta hiyo ina gharama. Kioanishi kikipangwa kwa upakiaji wa kusubiri, hakimleti mgonjwa mpaka aguswe. Ni busara, kwani anayetaka tarehe ya ziara hahitaji faili zima. Lakini chukua ziara 200 za wagonjwa tofauti, uonyeshe umri wa kila mmoja. Hoja moja inaleta ziara, kisha kioanishi kinarudi kwenye hifadhidata mara 200, mgonjwa mmoja mmoja. Jumla hoja 201, na kwenye msimbo unaona mstari mmoja tu. Ukijaribu na wagonjwa watano hutaona kitu. Kwenye seva ya hospitali yenye shughuli nyingi, watu wanasubiri. Dawa yake ni kukiagiza kioanishi mapema kiunganishe majedwali hayo mawili, hoja zote ziwe moja.

Walimu wa programu, mwonyesheni mwanafunzi hoja ambazo kioanishi kinatuma kabla hamjamsifu kwa ufupi wa msimbo wake.